Reki ya Mzee wa Mageti

Kwenye mashamba ya chumvi nilikofanya kazi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mtu akizidiwa na kazi hakuita. Alichomeka mpini wa reki yake kwenye tope la tuta, meno yakatazama juu, akavua kofia yake akaitundika hapo, kisha akaendelea kuhangaika na alichokuwa akihangaika nacho. Yeyote aliyekuwa karibu, akiiona ile kofia, alikwenda. Akifika alisalimia kwanza, kama mtu aliyepita njia tu. Hakuuliza imekuwaje. Na wakati wa chai hakusema alikuwa wapi wala amemsaidia nani.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Aliitunga mtu mmoja tuliyemwita Mzee wa Mageti, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua lini maji ya bahari yaingie wakati wa bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, lini yahamishwe kutoka jaruba moja kwenda jingine, yale madimbwi mapana yaliyozungushiwa matuta, na lini yafunguliwe kuingia majaruba ya mwisho, ambako chumvi huganda. Ni mtoto wa nani na kwao ni wapi, sikuwahi kumwuliza. Nilimkuta pale kama nilivyozikuta nguzo za mageti yenyewe, nyeusi, zimekauka kwa chumvi, na hazina habari na mtu.

Mimi nilifika kwa bahati tu. Shule niliiacha darasa la sita. Nikachoma mkaa Vigwaza, nikapakua mchanga, nikafagia hoteli moja ya ufukweni mpaka nikachoka kuona watu wamelala juani mchana kutwa. Siku moja nilipita kando ya yale majaruba nikaona maji ya rangi ya waridi. Sikuwa nimewahi kuona maji ya rangi hiyo. Nikasimama kuuliza, na niliyemwuliza alikuwa yeye.

"Yanakomaa," akasema.

"Maji nayo yanakomaa?"

"Wewe hujakomaa?" Akanitazama kwa kuinamisha shingo upande, kama kuku anavyotazama punje. "Unaonekana bado. Shika reki."

Nilikaa miaka minne, mimi ambaye sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Akanipa jina la Msafiri, likaniganda.

Sheria ya reki, niliambiwa, ilitokana na aibu. Kabla yangu alikuwapo mgeni mwingine, mtu mzima mwenye nguvu, aliyekabidhiwa tuta la upande wa bahari. Siku moja maji yakatoboa tundu dogo, la kupitisha mkono. Yule bwana akaona akipiga kelele watamcheka kuwa siku ya tatu tu kazini amekwisha kuvunja tuta. Akaziba kwa tope, likatoka. Akaziba kwa gunia, likatoka. Mwisho akakalia lile tundu kwa makalio yake. Walipomkuta, tuta lote lilikuwa limekwenda, na yeye amekaa katikati ya maji mpaka kifuani, bado anasema, "Nimelidhibiti, nimelidhibiti." Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee wa Mageti hakucheka. Alisema tuta halikuvunjwa na maji, limevunjwa na vinywa vyetu. Kesho yake akaanzisha habari ya reki.

Kila aliyenisimulia kisa hicho alikisimulia kwa kicheko. Nami nilicheka. Nilidhani kinamhusu yule bwana peke yake.

Watu waliizoea sheria ile kuliko walivyozoea salamu. Mama Zuhura, aliyesimamia wanawake wa kufungasha chumvi na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko maji ya jaruba la mwisho, siku moja alilowanisha khanga yake akaianika juu ya reki. Wanaume watano wakamjia mbio kutoka pande tano, kila mmoja akajifanya anapita.

"Salaam aleikum, Mama Zuhura."

"Waaleikumu salaam. Hamjambo? Mbona mnapita wote njia moja?"

Masharti hayaruhusu kuuliza, na wao hawakuona kazi ya kufanya. Wakasimama. Mama Zuhura akawaangalia, akaiangalia khanga, akaelewa.

"Basi kwa kuwa mmekuja," akasema, "yale magunia kule, yaleteni hapa. Na nyie wawili mnaotazamana kama mbuzi wa kuuzwa, rudini kwenu, watatu wananitosha."

Tangu hapo akawa anaanika khanga mara kwa mara.

Kisa kingine nilikiona kwa macho yangu. Aliletwa fundi wa pampu, mtu aliyesoma chuo, mwenye buti na mfuko wa spana zilizopangwa kwa ukubwa. Wiki ya kwanza pampu ikamgomea. Akaizunguka tangu asubuhi. Adhuhuri nikaona reki imesimama kando ya kibanda cha pampu, kofia yake nzuri iko juu, na yeye amegeuza uso ukutani kama mtoto anayeoga. Mzee wa Mageti akaenda. Akakaa huko muda mrefu, na alipotoka pampu ilikuwa inanguruma. Tulipobaki peke yetu nikavunja sharti, nikamwuliza alijulia wapi mambo ya pampu.

"Sijui lolote la pampu," akasema. "Nilimshikia spana. Kila akitaja namba nampa. Ilipofika ile ya nne akaona mwenyewe kosa liko wapi." Kisha akanikunjia uso. "Na usiniulize tena."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimsaidia hakupenda. Alipokusaidia, ukimshukuru alinuna siku mbili. Alikuwa na kiburi cha ajabu kwa mtu aliyewafundisha wengine kutokuwa nacho. Drafti alicheza vibaya sana, na alirudisha kete akiona anafungwa, akisema upepo ndio umeisogeza, nasi tulicheza kwa vifuniko vya chupa kibarazani, hakuna upepo. Alisali kwa wakati, hakusengenya, lakini juu ya sukari ya chai alisema uongo mchana kweupe: vijiko vitatu vilikwishaingia, naye anaapa ni kimoja. Na reki yake mwenyewe, katika miaka yote minne, sikuiona imesimama hata mara moja. Ilikuwa imelala juu ya tuta, meno chini, mpini umeng'aa kwa mkono wake.

Wakati wa chai mtu akija na gazeti, alilishika yeye kwanza. Alilifungua, akalikunja, akalifungua tena, kisha akanipa mimi.

"Msafiri, hebu soma hapo kwa sauti. Tuone shule ilikufundisha nini."

Nilisoma, wenzangu wakisikiliza, naye akitikisa kichwa kama mwalimu mkuu. Nikikwama kwenye neno, alisubiri. Hakunisaidia hata herufi. Sikupenda. Niliacha shule kwa sababu ya jambo hilohilo, kusimamishwa mbele ya watu nisome huku mtu anasubiri nikosee. Nilijiambia mzee huyu ananipenda kwa kila kitu ila hili, hapa ananidhalilisha.

Kwenye majaruba ilikuwa vilevile. Kazi ya kupima maji ilikuwa yake, baadaye akaniachia nusu. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kioo chenye uzito chini. Unachota maji ya jaruba kwenye kopo refu, unakitumbukiza, kinaelea. Maji yakiwa machanga kinazama, yakikomaa kinapanda, na ubavuni mwake kuna namba ndogo kama mayai ya chawa. Yakifika ishirini na tano, unafungua mageti, maji yanaingia majaruba ya mwisho, chumvi inaganda nyeupe. Ukifungua mapema, maji yanakuja na jasi ndani yake. Jasi inatangulia kuganda, inakuwa ngumu kama saruji, chumvi inakaa juu yake imechafuka, na hicho hakitoki kwa reki. Kinatoka kwa sururu, na chumvi yake hainunuliwi.

Alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Hebu kinasemaje? Nione kama umejua."

Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya hamsini nilianza kukasirika. Kipimo kiko mbele yake, macho anayo, kwa nini kila siku mimi? Nikisema namba, alichovya kidole kwenye maji, akaonja, akatema, akasema, "Sawa." Hakuwahi kusema umekosea, kwa sababu sikuwahi kukosea. Nami nikaanza kutamani kujua kama angetambua siku nikikosea.

Mambo yote niliyoyaeleza hapa yangetosha kumwambia mtu mwenye akili. Anageuza shingo upande akutazame. Anakabidhi gazeti. Anashika spana kwa namba anayotajiwa, lakini mafundi walioijua kazi wangekwambia spana unaweza kuzijua kwa kupapasa, zilipangwa kwa ukubwa. Mimi niliyejisifu kwamba hakuna kitu kinachonipita, niliyesimama njiani kuuliza kwa nini maji yana rangi ya waridi, sikujiuliza kwa nini yeye hakuwahi kuitaja rangi hiyo.

Ilikuwa mwisho wa kaskazi. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa bara, na kila mtu alijua hii ndiyo chumvi ya mwisho kabla ya mvua, ikiharibika hii hakuna nyingine mpaka miezi ipite. Alasiri akaja nyuma yangu.

"Msafiri. Kinasemaje? Nione kama umejua."

Kipimo kilisema ishirini na moja. Nilikiona vizuri.

"Ishirini na tano," nikasema, nikageuka kumtazama usoni.

Akachovya kidole. Akaonja. Safari hii hakutema upesi. Alikaa na ile ladha mdomoni, uso umekunjamana.

"Una hakika?"

"Si utazame mwenyewe?"

Akachukua kile kipimo, akakiinua juani, akakizungusha. Nilimwona akitafuta. Leo ninajua alikuwa akitafuta. Siku ile niliona mtu mzima anayenichezea, anayetaka nikiri mwenyewe kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Haya," akasema. "Ishirini na tano."

Akaondoka kwenda kwenye mageti. Nilikuwa na uhakika akifika pale atageuka na kucheka, aseme, "Wewe, unadhani sijui?" Nilikuwa nimekwisha tayarisha la kumjibu. Nikasikia ubao wa geti la kwanza unanyanyuliwa. Nikasikia maji. Ubao wa pili. Reki yangu ilikuwa mkononi na kofia ilikuwa kichwani. Ningeweza kuichomeka, ningeweza kupiga kelele, watu wangekuja wakafunga na hasara ingekuwa jaruba moja. Lakini ningewaambia nini? Kwamba nimemdanganya mzee kwa mchezo? Wakati nafikiria jinsi watakavyonitazama, alinyanyua ubao wa sita, na wa sita ndio wa mwisho.

Nikajiambia pengine ishirini na moja si mbaya sana. Nikajiambia jua litamalizia. Siku zile zote nilifanya kazi kwa bidii kuliko wakati wowote.

Wiki ya tatu tuliingia kuvuna. Reki ziligonga kitu kigumu na kurudi. Chini ya ukoko wa chumvi kulikuwa na sakafu ya kijivu, majaruba yote sita. Mama Zuhura alichukua punje akaisaga kwa vidole, akaitupa.

Meneja alikuja asubuhi iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wakubwa wake.

"Nani alipima?"

"Mageti ni yangu," akasema Mzee wa Mageti.

"Sikuuliza ya nani. Nimeuliza nani alipima."

"Mimi ndiye niliyefungua."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Meneja akachota maji ya mfereji, maji ya bahari yaliyoingia asubuhi hiyo, akatumbukiza kipimo, akampa mzee kopo.

"Nisomee."

Mzee akaliinua. Akainamisha shingo upande huu, akainamisha upande ule. Jua lilimpiga machoni, na kwa mara ya kwanza nikaona vile viwaa vyeupe ndani ya mboni, kama maziwa yaliyodondokea kwenye chai. Sisi sote tuliona kijiti kimezama karibu chote. Maji ya bahari hayafiki hata nne.

Halafu akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Ishirini na tano."

Mama Zuhura alijifunika uso kwa khanga. Meneja akachukua kopo polepole, akamwaga maji, akasema, "Mzee, kwa nini hukusema?"

Na mimi pia sikusema. Kila mtu akaamini kwamba mzee alipima mwenyewe kwa macho yale, na mimi nikaacha waamini hivyo. Aliondoka siku hiyo hiyo na kitambaa chake cha chakula na mkeka wake wa kusalia. Alipopita mbele yangu alisema tu, "Msafiri, lile tuta la bahari litazamwe," akaenda zake. Reki yake aliiacha imelala.

Baada yake ofisi ilibandika tangazo kwamba mfanyakazi mwenye tatizo lolote ajaze fomu, ataje jina, tarehe na aina ya tatizo. Sikumwona mtu akijaza. Reki nazo watu waliacha kuzisimamisha. Nadhani kila mmoja alijiuliza, kama yeye aliyetufundisha hakuweza, sisi tutawezaje? Miezi miwili baadaye na mimi niliondoka. Nilikwenda Makurunge kwenye miwa, nikatoka. Nilipakia mananasi. Nilirudi Vigwaza, nikatoka.

Mama Zuhura ndiye aliyeniambia alipo. Tulikutana sokoni Bagamoyo, akanipa habari za watu wote kwanza, kisha akasema, "Mzee wako yuko Miono kwa binti yake. Wamempasua jicho moja, la pili bado." Akanikazia macho. "Nenda. Usijifanye unapita njia."

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kibarazani, anapukuchua kunde. Binti yake, mwanamke wa makamo, alikuwa ndani akipika. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na bandeji, jingine lilikuwa jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Vidole vikasimama. "Msafiri."

"Ndiye mimi."

"Karibu. Umenenepa, sauti imenenepa. Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Chalinze na yote yalinikimbia. Kulikuwa na jembe limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikalichomeka mpini kwenye udongo laini wa ua, mbele yake, nikavua kofia yangu nikaitundika juu. Kisha nikasubiri. Sijui nilidhani nini. Yeye aliendelea kupukuchua kunde, punje zikidondoka kwenye ungo.

Binti yake akatokeza mlangoni. "Kaka," akasema, "jembe limefanyaje?"

"Jembe gani?" akauliza mzee.

"Mgeni wako amelisimamisha hapa, amelivisha kofia."

Mzee akaacha kazi. Akageuza uso upande wangu, si upande wa jembe. "Basi sema," akasema. "Mimi siioni."

Nikasema. Nikamwambia kipimo kilisema ishirini na moja. Nikamwambia nilikuwa nikimjaribu. Nikamwambia nilisikia mbao zote sita.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Nilionja, Msafiri. Ulimi uliniambia bado. Ulimi wangu haukuwahi kunidanganya." Akapapasa ganda la kunde, akalifungua. "Lakini na wewe hukuwahi. Nikasema labda ulimi nao umeanza kwenda, kama macho. Nikakuamini wewe."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe njiani, kabla sijafika barabarani." Alisema hivyo kwa upole, na sikuona sababu ya kutomwamini. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha dawa ndani ya kiboksi chake, juu yake kumeandikwa kwa kalamu. "Hii imeletwa leo kutoka zahanati. Sioni kilichoandikwa. Hebu nisomee."

Miaka minne nilikaa naye na sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo, sioni, nisomee, bila kunipima, bila mchezo. Nilishika kile kiboksi kwa mikono miwili. Nilisoma kimoyomoyo mara mbili kabla sijafungua kinywa.

"Tone moja," nikasema, "mara nne kwa siku."

"Tone moja, mara nne."

"Ndiyo, mzee."

Akanyoosha mkono, nikamrudishia. Akakaa nacho kidogo, akikizungusha vidoleni. Halafu akageukia mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "njoo nawe unisomee."

Binti akaweka mwiko chini, akajifuta mikono, akakichukua na kukisogeza kwenye mwanga.

"Tone moja, mara nne kwa siku," akasoma. "Kama alivyosema mgeni."

"Haya," akasema mzee. Akairudisha dawa mfukoni, akachukua ganda jingine la kunde.